Supanova ina mtu aliyeiripoti, mwandikeni jina lake

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wenzako wote hapo chumba cha habari. Mimi ni msomaji wa ukurasa wenu wa sayansi miaka mingi sasa na nawashukuru kwamba bado mnaupa nafasi. Ila ile makala yenu kuhusu nyota iliyolipuka kwenye galaksi ya M101, supanova inayoitwa SN 2023ixf, imeniacha na kitu rohoni na nimeona nisikae kimya. Mmeandika "wanasayansi wamegundua" mara tatu, nimehesabu, alafu mara ya nne mkaandika "darubini zimenasa". Jina la mtu hamna hata moja. Na mtu yupo! Anaitwa Koichi Itagaki, Mjapani, hana ajira ya astronomia, ni mtazama nyota wa ridhaa kama walivyo wachezaji wa ridhaa kwenye mpira, na kabla ya hii alishapata supanova nyingine zaidi ya 100. Tarehe 19 Mei 2023 aliona nukta mpya kwenye M101 akairipoti, na haikupita muda darubini za dunia nzima zikageuzwa kuangalia pale pale.

Najua kuna mtu atauliza jina tu lina uzito gani kwenye habari ya nyota. Ngoja nieleze.

Nyotamkia ikigunduliwa inabeba jina la aliyeiona, ndo maana kuna Hale-Bopp ya 1995, Alan Hale na Thomas Bopp waliiona usiku mmoja kila mtu kivyake na wote wawili wamo kwenye jina hadi leo. Asteroidi nayo, yaani yale mawe makubwa yanayozunguka jua, mgunduzi wake anapewa nafasi ya kupendekeza jina. Supanova haina hiyo kitu. Supanova inapewa mwaka na herufi basi. Ya kwanza ya mwaka inachukua A kubwa, inayofuata B, mpaka Z, hizo 26 zikiisha wanaanza aa, ab, ac kwa herufi ndogo, wakifika zz wanaenda aaa. SN 1987A maana yake ya kwanza ya mwaka 1987, SN 2014J ni ya kumi ya 2014. Siku hizi taarifa zimekuwa nyingi hadi herufi tatu hazitoshi, mwaka 2021 kuna SN 2021aefx, herufi nne, na ukipiga hesabu 26 jumlisha 676 jumlisha 17,576 unaona kwamba kabla ya kuanza herufi nne majina 18,278 yalishatumika mwaka huo huo mmoja. Kwa hiyo mtu anakesha miaka na miaka, anapata nukta yake, nukta inaitwa "ixf". Jina lake yeye linabaki sehemu moja tu, kwenye ule mstari wa rejista unaosema nani karipoti. Huo mstari ndo mshahara wake wote, hakuna kingine, na gazeti likija kuandika habari linauruka.

Sasa hiyo rejista yenyewe. Tangu 1 Januari 2016 taarifa za supanova zinapelekwa kwenye mfumo unaoitwa Transient Name Server, watu wanaita TNS tu, ndo mfumo rasmi wa IAU, yaani Umoja wa Kimataifa wa Astronomia. Kuripoti sio kwa maprofesa peke yao, mtu wa ridhaa naye anajisajili na anaripoti. Unajaza koodineti za ile nukta angani, tarehe na saa kwa saa za UT ili wote duniani mhesabu kwa saa moja, iling'aa kiasi gani na ulipiga picha kwa filta gani, na kuna kitu kingine ambacho ukikisoma haraka unakipita ila mimi naona ndo roho ya taarifa nzima: mara ya mwisho kuangalia sehemu ile ile na kukuta hapana kitu ilikuwa lini. Hapo ndo watu wanajua nyota ililipuka kati ya siku gani na siku gani. Alafu unaandika majina ya wanaoripoti. Na kuna sehemu ya kundi linaloripoti, na sehemu nyingine tofauti kabisa ya kusema data zimetoka kwa nani, kwa sababu siku hizi unaweza kukuta supanova kwenye picha zilizopigwa na wengine zikawekwa wazi, sasa wewe umeiona lakini darubini ni yao, basi wote mnatajwa. Walioutengeneza mfumo huu waliwaza sana kuhusu haki ya kila mtu.

Ukishatuma, nukta yako inapewa jina linaloanza na AT, maana yake kuna kitu kimetokea angani ila bado hatujajua ni nini. Hiyo ya M101 ilianza kama AT 2023ixf. AT inakuwa SN, yaani supanova, pale tu mtu mwingine, mara nyingi mwenye darubini kubwa zaidi, anapoupasua ule mwanga kupata spektra, yaani rangi zake moja moja, na kuona kuna nini ndani. Ukikuta haidrojeni hiyo ni aina ya II, haidrojeni hakuna lakini silikoni ipo hiyo ni aina ya Ia. Huyo aliyepiga spektra naye anaandikwa mstari wake pembeni, aliyeainisha ni fulani kwa darubini fulani. Ya M101 spektra yake ilipigwa ndani ya masaa machache tu kwa darubini ya Liverpool iliyoko kisiwa cha La Palma, ikatoka aina ya II, nyota kubwa ambayo kiini chake kimeporomoka. Kwa hiyo kwenye habari moja kuna watu wa kwanza walioona na kuna watu wa pili waliothibitisha, hawa na wale sio kitu kimoja, na nyinyi mmewaweka wote kwenye kapu la "wanasayansi".

Niwaambie kilichonitokea mimi mwenyewe maana sisemi haya kwa kusoma tu. Napiga picha za galaksi kwa darubini ndogo, galaksi zile zile kila nikipata usiku wa anga safi. Kazi yenyewe iko hivi, unaweka picha mpya na picha ya zamani kwenye kompyuta, unazipishanisha, mpya, zamani, mpya, zamani, haraka haraka, nyota zote zinatulia kama zimepigiliwa misumari. Usiku mmoja kwenye ukingo wa mkono wa galaksi moja kulikuwa na nukta inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Mikono ilianza kutetemeka kwenye mausi. Nikafanya kila kitu nilichofundishwa. Nikapiga picha ya pili kwa sababu chembe kutoka angani ikigonga kamera inaacha nukta ambayo picha inayofuata haina. Nukta ikabaki. Nikasubiri karibu saa nzima nione kama inasogea maana asteroidi ikikatiza mbele ya galaksi inakudanganya vizuri sana, haikusogea. Nikaangalia orodha ya asteroidi, hamna, nikaangalia TNS, hamna mtu karipoti. Alafu badala ya kuripoti nikasema ngoja niione tena kesho niwe na uhakika wa mia kwa mia. Kesho yake mawingu, keshokutwa mawingu, siku ya tatu nafungua rejista nakuta jina lipo tayari na watu watatu wameripoti. Iliuma jamani, sitaki kudanganya. Lakini mimi sio mgunduzi wa ile supanova na sistahili kuitwa hivyo, wao walisema na mimi sikusema.

Na hili la kuona bila kusema lina historia ndefu. Agosti 1885 ilitokea nyota mpya katikati ya Andromeda, ambayo leo tunajua ni galaksi ila wakati huo wengi walikuwa bado wanadhani ni wingu tu. Mfaransa mmoja, Ludovic Gully, aliiona tarehe 17 akadhani ni mwanga wa mwezi unamchezea kwenye darubini akaachana nayo. Ernst Hartwig kule Dorpat, mji ambao leo ni Tartu nchini Estonia, aliiona tarehe 20 akaing'ang'ania mpaka ikatangazwa, na vitabu vinamtaja Hartwig. Enzi hizo habari zilikwenda kwa telegramu kweli kweli, kulikuwa na ofisi Kiel, Ujerumani, tangu 1882 ya kupokea na kusambaza telegramu za angani, baadaye ikahamia Copenhagen na mwaka 1965 ikaenda Cambridge, Massachusetts. Ndo iliyokuwa inatoa majina ya supanova kabla ya TNS.

Mwaka 1987 ni huo huo mkasa. Ian Shelton alikuwa kwenye kituo cha darubini cha Las Campanas, Chile, usiku wa kuamkia tarehe 24 Februari, amepiga picha ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, kwa masaa matatu kwenye bamba la kioo, anaisafisha anakuta doa kubwa la nyota ambayo jana yake haikuwepo. Akatoka nje akainua macho akaiona hivi hivi bila darubini. Akaenda kuwaambia wenzake, kumbe Oscar Duhalde aliyekuwa zamu kwenye darubini nyingine pale pale mlimani alishatoka nje mapema usiku ule akaiona nyota ngeni, ila kazi ikamshika. Na New Zealand Albert Jones naye, mtu wa ridhaa, aliiona mwenyewe usiku huo huo. Watatu wote wanatajwa mpaka leo kwenye ugunduzi wa SN 1987A, mfanyakazi wa zamu na mtu wa ridhaa sawa na mtaalamu. Napenda sana hiyo. Lakini kule Australia Robert McNaught alikuwa ameipiga picha karibu siku nzima kabla yao, picha ikakaa bila kuangaliwa. Picha yake ni ya thamani kubwa mno kwa wanaosoma masaa ya kwanza ya mlipuko, ila ugunduzi sio wake.

Alafu SN 2014J. Tarehe 21 Januari 2014 mwalimu Steve Fossey alikuwa na wanafunzi wanne kwenye kituo cha chuo kikuu pale London, mawingu yanafunga, wakaamua kugeuza darubini kwenye galaksi ya M82 kwa sababu anga ya upande ule ilikuwa bado wazi, wakaona nyota ambayo haipaswi kuwepo. Ile supanova ilikuwa inawaka tayari kama wiki nzima! Darubini zinazojiendesha zenyewe zilishaipiga picha na programu zao hazikuitambua. Dunia ikaipata kwa mwalimu na wanafunzi wake waliokuwa wanakimbizana na mawingu, na majina yao yote watano yaliandikwa.

Kuna watu wanaona sheria hii ya anayeripoti kwanza ni ya kikatili, kwamba kama picha yangu ni ya jana na yako ni ya leo basi mimi ndo wa kwanza. Mimi niliyeumia nayo nasema iko sawa kabisa. Supanova haisubiri. Masaa ya kwanza ndo yenye habari ambayo haitarudi tena, mwanga wa kwanza unaotoka wakati mlipuko unatoboa ngozi ya nyota, gesi iliyokuwa imeizunguka ikiangazwa ghafla, na hakuna mwenye darubini kubwa atakayegeuza chombo chake kwa sababu ya picha iliyoko kwenye kompyuta yako umelala nayo. Kinachosaidia ni kelele. Hiyo M101 Itagaki alipopiga kelele watu wa ridhaa kutoka nchi mbalimbali walirudi kwenye picha zao wakakuta nukta ipo toka siku moja nyuma, wakazituma, na kwa hizo picha wataalamu wakaweza kukadiria mlipuko ulianza masaa gani. Hao nao wametajwa kwa kazi hiyo, sio kama wagunduzi, kama watu waliotoa vipimo vya mwanzo. Kila mtu na alichofanya.

Na utambuzi hauishii kwenye rejista. Victor Buso wa Rosario, Argentina, fundi wa makufuli, tarehe 20 Septemba 2016 alikuwa anajaribu kamera mpya juu ya paa la nyumba yake, akaielekeza galaksi ya NGC 613 na kwenye mfululizo wa picha zake nukta ikazaliwa, mwanzoni haipo, baadaye ipo na inaongezeka. Alikuwa amenasa mwanga wa kwanza kabisa wa SN 2016gkg. Hakukaa kimya, akawatafuta watu usiku ule ule. Makala ya kitaalamu ilipotoka kwenye jarida la Nature mwaka 2018 jina lake lilikuwa ndani, kati ya waandishi, pamoja na madaktari wa fizikia. Hiyo ndo heshima.

Sasa mtasema siku hizi ni mashine tu. Ni kweli supanova nyingi mno zinapatikana na miradi mikubwa, ZTF pale Palomar, California, ATLAS yenye darubini Hawaii, Chile na Afrika Kusini, na kile kituo cha Vera Rubin huko Chile kilichoonyesha picha zake za kwanza Juni 2025 kimepangwa kutoa mpaka tahadhari milioni 10 za vitu vilivyobadilika angani kwa usiku mmoja. Oktoba 2023 programu inayoitwa BTSbot ilifanya kila hatua peke yake bila mtu kugusa, ikachagua nukta, ikaomba spektra, ikaainisha, ikatangaza, hiyo ni SN 2023tyk. Sina kinyongo nayo, ni kazi nzuri ajabu. Lakini hata huko ukifungua TNS unakuta kundi limetajwa na majina ya watu yameorodheshwa, waliojenga kamera, walioandika programu, wanaoamka kuangalia kama programu imekosea. Wengi wao ni wanafunzi wanaotafuta digrii na hilo jina ndo wanalokwenda nalo kuomba kazi. Mkiandika "darubini imegundua" mnawafuta hao, na mnamfuta pia yule wa ridhaa ambaye bado anashindana na mashine na bado kuna siku anazitangulia kama Itagaki alivyofanya.

Siwezi kumaliza bila kumtaja mchungaji Robert Evans wa Australia, aliyefariki 2022. Yule mzee alipata supanova zaidi ya 40 kwa jicho lake, sio kwa kamera, kwa jicho kwenye kioo cha darubini. Alikuwa amekariri galaksi mamia, nyota zilizozizunguka moja moja, kiasi kwamba akiweka darubini pale anatazama sekunde chache tu anajua hapa kuna mgeni au hakuna, anahamia nyingine. Fikirieni mtu amekariri mamia ya sura za angani kama wewe unavyozijua sura za wanao. Supanova za karibu kama alizokuwa anazipata yeye ndo watu wanazisoma kwa undani ili wazielewe zile za mbali, na zile za mbali ndo zilizoonyesha kwamba kutanuka kwa ulimwengu kunazidi kasi, kazi iliyopewa Tuzo ya Nobeli 2011, Saul Perlmutter, Brian Schmidt na Adam Riess. Magazeti yaliandika hao watatu na walistahili, ila Nobeli haivuki watu watatu na nyuma yao kulikuwa na timu mbili kubwa, na nyuma ya timu kuna watu kama Evans.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo Mhariri. Habari ya supanova ikija tena mezani, mwandishi afungue TNS, aandike jina la supanova, jina la aliyeripoti au kundi lake, tarehe, na nani aliyethibitisha kwa spektra. Ni sentensi mbili. Na kwa hii iliyopita naomba kwenye masahihisho muweke hivi: SN 2023ixf kwenye M101 iliripotiwa na Koichi Itagaki wa Japan tarehe 19 Mei 2023, ikaainishwa kwa darubini ya Liverpool kuwa ya aina ya II.

Wenu,
Msomaji wa ukurasa wa sayansi